Kikombe cha Tope

Niliajiriwa kubeba ndoo. Kwa kutwa, si kwa mwezi.
Asubuhi, jua halijagusa bado mawe ya Vilcanota,
natumbukiza buti katika beseni la dawa,
la kulia, la kushoto, kisha tena la kulia,
maana Rómulo wa chuo kikuu hana mchezo na kuvu:
upo ugonjwa, asema, unaopanda mlima kwa nyayo za watu,
ukakaa kwenye ngozi ya chura mpaka moyo usimame.

Hapa palikuwa barafu. Baba alifunga alpaka wake
kwenye lile jiwe jeusi, barafu ikimpulizia kisogoni.
Sasa ni dimbwi, na dimbwi lina viluwiluwi,
na viluwiluwi wana matumbo ya kioo:
mweke mmoja kiganjani, utauona utumbo umeviringwa
kama kamba ya mtu mwenye haraka ya kuhama.

"Humo," Rómulo ananong'ona, kana kwamba watamsikia,
"mna wapangaji. Kodi hawalipi,
ila wanapika."
Ukoga usiolika wao huulainisha.
Maji yakipata joto, wengine hufunga virago usiku usiku,
vyumba vikabaki vitupu, na mwenye nyumba
anakula, anakula, hashibi.

Tuna mabeseni mawili. Nyuzi kumi. Nyuzi ishirini na tatu.
Wa beseni la joto wanakimbilia kuota miguu,
wanatoka majini wadogo kuliko ukucha wangu,
kama watoto walioachishwa ziwa mapema.
Nawahesabu. Naandika. Vidole vikifa ganzi
navitia kwapani, nahesabu kwa midomo.

Mama mkwe wangu, Eusebia, hajui bakteria.
Anajua mtungi wake.
Pombe yake ya mahindi huchachuka kwa masazo ya jana,
na ya juzi, na ya mama yake aliyekwisha kufa.
Mwaka nilioolewa, kwa ugeni wangu na bidii yangu,
niliusugua mtungi ule kwa sabuni hadi ukanukia ndimu.
Hakunitukana. Aliketi chini,
akaweka sikio kwenye mdomo wa mtungi
kama anayesikiliza kisima kilichokauka.
Misimu mitatu tuliuza maji ya mahindi,
wanywaji wakahamia kwa jirani,
mpaka jirani huyohuyo akatuazima povu. Kikombe kimoja.

Ndiyo maana niliposhuka bondeni kwa dada yangu Nilda
nikaona dimbwi la kule, vuguvugu kama mchuzi uliosahauliwa,
na viluwiluwi wake wanene, wanachezesha mikia,
nilichota tope. Kikombe kimoja. Nikakifunika kwa leso.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
saa nne nilipanda nacho, nikiyasema hayo kila hatua.

Lakini buti zangu zilinuka dawa.
Ukingoni mwa dimbwi la baba nikasimama.
Ndani ya kikombe hiki wamo wapishi, huenda.
Ndani ya kikombe hikihiki imo ile kuvu, huenda.
Na macho yangu, yanayomjua kila alpaka kwa sikio lake,
hayawezi kumtenga mgeni aliyekuja na mboga
na mgeni aliyekuja na kisu.
Wote wamevaa tope.

Upepo ukageuka. Leso ikataka kuruka.
Sikumwaga.

Nilimpelekea Rómulo, nikaungama yote, hata la mtungi.
Alinyamaza kwa muda wa kukaripia, ila hakukaripia.
Akabandika karatasi kwenye kikombe, akaandika
tarehe, mwinuko, kisha, polepole, jina langu:
Yolanda Ccahuana. Tope.

"Nusu tutaichemsha," akasema. "Nusu tutaiuliza."

Jioni ile tuliweka beseni la tatu, mbali na dimbwi,
mbali na njia ya buti.
Ndani yake nimewaweka kumi na wawili.
Kesho nitawahesabu.