Bega la Jumamosi

Saa kumi alfajiri, Greensboro bado giza,
nimeketi uani nalinda pipa la moshi
kama mtu anayelinda mgonjwa.
Bega zima la nguruwe. Jana nililisinga
chumvi, sukari guru, pilipili,
mpaka kucha zikawa nyekundu.

Jirani yangu Verlene hana vipimo.
"Siki kiasi gani?"
"Mpaka pua ikatae."
"Na mfuniko, nifunue lini?"
"Nyama haiivi kwa macho."

Kwetu Kibosho ni kitimoto, nyuma ya baa,
kikaango, ndimu, dakika ishirini, basi.
Hii inadai saa kumi na mbili
na haina haraka ya kunijua.

Jioni mfupa ukachomoka wenyewe, mweupe, mkavu.
Nikashika uma mbili. "Tazama,
inachambuka kama pamba!"
Verlene akanyamaza.
"Pamba," akasema, "bibi yangu aliichuma.
Haikuwa yake."

Kisha akapasua skonzi, akajaza nyama,
akalundika kabichi juu,
akanipa mimi ya kwanza.
Mchuzi ukanitiririka hadi kiwikoni.
Ndimu niliyoitia mfukoni asubuhi
ilikuwa bado mfukoni.