Si Rambo

Kwanza mashine inasoma hewa tupu.
Nafuta almasi kwa spiriti
(almasi yenyewe ndogo kuliko punje ya uwele),
nasogea kando, nabana pumzi,
kwa maana ukipumulia karibu unajichora:
penye elfu mbili mia tatu na hamsini
kinainuka kichuguu, nacho ni wewe,
ni chai ya asubuhi na maneno uliyoyameza.

Nilifundishwa hivi kwenye kilima cha chuo,
upepo wa Julai ukitikisa vioo:
kila kitu kina mwanga wake kinaoula.
Si huu wa dirishani. Ule wa joto, usioonekana,
unaotoka kwenye mafiga moto ukishazimwa.
Upitishe juu ya kitu, kitakula chake,
kitakuachia makombo.
Kwa makombo utajua nani alikula.

Maji aliyaleta Masinga, mdogo wangu,
chupa sita ndani ya kreti, nyuma ya pikipiki,
kutoka lambo la kwetu, huko ng'ambo ya Chilonwa.
"Utakuta rambo," alisema. "Rambo kwenye lambo."
Akacheka kicheko cha bibi,
ambaye ulimi wake haukuwahi kuyatenganisha:
kwake ng'ombe walikunywa rambo,
na lile dume jekundu
lilikufa kwa lambo tumboni.
Hakukosea sana.

Siku tatu tope lilichemka bila moto ndani ya dawa.
Nikamimina maji ya chumvi.
Udongo ukazama. Vilivyo vyetu vikaelea.

Vipande vyeupe, naam.
Mifuko ilipigwa marufuku, haikupigwa ikafa.
Vilele viwili bega kwa bega karibu na elfu mbili mia tisa,
kisha tambarare ndefu, kisha mapacha wadogo mwishoni:
nimeviona mara nyingi hata mkono
huandika jina kabla jicho halijafika.

Halafu uzi.
Kijani, umejikunja kama unywele wa mtoto mchanga.
Nikaubana juu ya almasi. Skrini ikachora nyika,
na pale ambapo vitu vingi havina la kusema
kikasimama kilima kimoja, chembamba,
kama mawe yanayoota ghafla kando ya barabara ya Chamwino
ardhi yote ikiwa imelala.
Elfu mbili mia mbili arobaini na tatu.
Akriliki.
Si rambo. Sweta.

Nililivaa mimi tangu darasa la kwanza hadi la nne.
Likashuka kwa Masinga, mikono imekunjwa mara mbili.
Jumamosi tulilifua lamboni kwa kipande cha sabuni,
tukalikamua, yeye huku, mimi kule,
maji ya kijani yakitutiririka viwikoni.
Lilipopasuka mgongo, mama akamvika mtu wa mabua
awatishe kweleakwelea shambani.
Alisimama misimu mitatu, mikono wazi,
akinyonyoka uzi kwa uzi
kuelekea korongoni.

Sisemi ni lilelile.
Mashine haijui ya nani.
Inajua kaboni na nitrojeni zilizoshikana mara tatu;
haijui nani alitetemeka ndani yake
asubuhi ya mstarini.
Shule nzima ilivaa kijani.

Masinga akapiga simu. "Vipi dada, rambo?"
Nikasema, zimo.
Nikasema, kuna na kitu kingine,
nikatafuta neno lisilo la maabara.
Nyuma yake nilimsikia akimwita mwanawe,
Yaledi, Yaledi, rudi, baridi hiyo,
vaa sweta.

Nikasahau kubana pumzi.
Skrini ilikuwa bado inasoma:
jirani na kilima cha uzi, hatua chache tu,
kichuguu changu kikaanza kupanda.