Insha ya Ishirini na Tatu

Theluji imeziba kidirisha cha jikoni.
Meza hii ni ya kulia, ila tangu Ijumaa
imelaliwa na insha thelathini na moja,
darasa la kumi, kipindi cha nne:
Eleza maisha ya walowezi wa kwanza wa bonde la Hudson.
Kalamu nyekundu iliishiwa na wino kwenye ya sita.
Nasahihisha kwa kijani, rangi ya huruma,
asema mume wangu, ambaye hajawahi kusahihisha chochote.

Kumi na moja zimeanza, "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu..."
Anzia karibu, naandika pembeni. Anzia Albany.
Lamar Pettibone adai maisha yalikuwa magumu
kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatikakatika.
Brisa Collado kanakili kwa jirani neno kwa neno,
hadi jina la jirani.
Na Osgood, kwa herufi kubwa kama vibao vya barabarani:
Waholanzi walifika, wakakuta nchi tupu, wakalima.
Tupu? nauliza.
Na mahindi ya msimu wa kwanza walipewa na nani?

Natoa alama. Naongeza chai. Natoa alama.

Kisha Annika Vanderhoef,
akaaye dirishani, hajanyosha mkono tangu Septemba.
Hakuanzia kwenye kuumbwa kwa ulimwengu.
Ameanzia darini kwa bibi yake,
sanduku la bati, karatasi iliyokunjwa mara nane,
orodha ya mali ya marehemu Joost Vanderhoef,
mkulima, mwaka 1741.
Ameinakili ilivyo, bila kupamba:

Birika moja la shaba.
Viti sita, kimoja kibovu.
Majembe mawili. Bunduki.
Ng'ombe mweusi na ndama wake.
Msichana mmoja aitwaye Dien, pauni thelathini na tano.
Kitanda cha manyoya, na mito yake.

Chini ya hapo ameacha mistari mitatu mitupu.
Huwa nakata alama kwa mistari mitupu.

Halafu: "Mwalimu, sentensi moja imenishinda."
Naiona. Karatasi imechubuka kwa ufutio.
Ameandika *walimmiliki*, akafuta.
*Tulimmiliki*, akafuta.
*Alimilikiwa*, akaikata kwa mstari mzito,
kama mtu aliyefunga mlango
na bado anausikia upepo miguuni.
Silabi moja, *wa* au *tu*,
na katikati yake karibu miaka mia tatu,
na sahani za bibi zitolewazo Krismasi,
na shamba lililouzwa pakajengwa hospitali
nilikozalia wanangu,
na jina lenyewe, juu kulia, kando ya tarehe.

Mwongozo wa alama huu hapa.
Hoja ishirini, ushahidi thelathini, sarufi kumi.
Sarufi kumi!
Miaka kumi na tisa nimewaambia:
epukeni "sisi" katika insha ya historia,
mwanahistoria hakuwapo.
Nimeandika ubaoni. Nimepigia mstari.

Mwisho kabisa, kwa penseli hafifu:
"Ndama ameandikwa pamoja na mama yake.
Dien je? Sikuona mahali pa kumtafutia wake."

Gari la kusukuma theluji limepita,
taa yake ya manjano imezunguka ukutani, ikaenda.
Zimebaki ngapi? mume wangu auliza kutoka chumbani.
Nane, nasema. Na hii.

Nimeandika kwa kijani:
Sentensi yako iache hivyo hivyo, na michubuko yake.
Kanisa la zamani la barabara ya mtoni
lina daftari za ubatizo. Hufungua Jumatano saa tisa.
Omba ruhusa nyumbani. Tutafute.

Nikaitazama ile *tu* niliyoiandika.
Sijaifuta.
Mahali pa alama pako wazi bado.

Nimefungua ya ishirini na nne.
Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, inaanza.
Kumi na mbili.