Herufi Iliyokaa Kimya

Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni,
nyuma ya mashine ya kusaga, Pasua,
tunapangusa unga kwenye mabenchi kwa khanga kuukuu
na darasa linaanza.

Vifaa vyetu nivitaje, msinicheke:
kamusi moja, imenyofoka mwishoni,
hivyo baada ya herufi S kila mtu anajitegemea;
ubao uliowahi kuwa mlango, kitasa bado kipo;
redio ya Mzee Ndetaramo, haisemi mpaka ipigwe kofi;
na boksi la vitabu vya wahisani
ambamo, somo la kwanza, Bwana Brauni ananunua mwavuli.
Somo la pili, anaupoteza.

Mwezi mzima tuliutafuta pamoja naye,
chini ya kiti, ndani ya treni, juu ya kabati.
Hata Aikande, anayefua mashuka ya gesti pale stendi,
akawa anaweweseka kwa Kiingereza: uko wapi, uko wapi.

Kisha Eliakunda akashuka mlimani,
siku sita na mizigo ya watu,
akakaa benchi la nyuma, mguu kaunyoosha.
Mwalimu, akasema, goti lilinikataa kule juu.
Nikamtazama mgeni, mgeni akanitazama,
nikatafuta neno, nikakuta mwavuli.
Nikacheka. Naye akacheka, akanipiga picha.
Tukapanda.

Alhamisi nilikuja mikono mitupu.
Leteni, nikasema, maneno yanayowakwama.
Mzee Ndetaramo akatoa kiboksi cha dawa ya mkewe,
kumbe vidonge vile humezwa baada ya kula,
na mama wa watu alikuwa akivimeza alfajiri, na njaa yake.
Aikande akatoa kikaratasi kilichoachwa juu ya mto,
amekitunza tangu Pasaka, akidhani ni lalamiko.
Nikamsomea: Asante, dada. Hizi hela ni zako.
Hela alikwisha zirudisha mapokezi.
Kimya. Halafu akaanza kucheka yeye mwenyewe,
tukapata ruhusa.

Nikaandika goti ubaoni, kwa Kiingereza, chini ya kitasa.
Eliakunda akahesabu herufi kwa kidole:
Hii ya mbele mbona haisemi?
Chuoni hawakunipa jibu.
Nikamwambia, iko kama mtu aliyekuja msibani,
haongei, ila asingekuja pengo lingeonekana.
Akaitazama sana.
Basi ni mpagazi, akasema,
kafika kileleni, kwenye picha hayumo.

Sasa tunalo daftari letu, limeingia mafuta ya taa:
mzigo umezidi kilo,
sijalipwa siku mbili,
kizunguzungu, risiti, mara tatu kwa siku,
goti, na ile herufi yake nimeipigia mstari.
Mwalimu mmoja wa Majengo kaja kuliazima.
Nimempa mpaka Jumatatu.

Mwavuli hatujauona bado.
Aikande anasema tuangalie mapokezi.