Yai Lililokataa Mvua

Tulimvua kando ya reli, Bahi,
kwenye dimbwi lililochimbwa na watafuta kifusi
likasahauliwa na wote isipokuwa ng'ombe.
Kipande cha chandarua, ndoo ya rangi iliyooshwa,
na mimi nimepandisha sketi hadi magotini
kama siku zile za kuteka maji.
Mama alichungulia ndoo. "Hawa?
Hata paka hawamtoshi mboga."
Mkia mwekundu, ubavu wa samawati,
urefu wa kidole changu cha mwisho.

Samaki huyu hana uzee wa kuzungumzia.
Dimbwi hukauka Juni, naye hufa Juni,
ameshakua, ameshapigana, ameshaoa,
katika miezi ambayo mtoto wa mtu
bado anajifunza kukaa.
Kinachobaki ni yai ndani ya tope lililopasuka,
chini ya kwato, chini ya jua la Septemba,
dogo kama punje ya uwele.

Tabia ni ngozi, tulifundishwa.
Maabara yetu, kule mlimani chuoni,
hupenya chini ya ngozi.
Nilimlaza kwa tone la mafuta ya karafuu;
alipunga mapezi mara mbili, akaacha.
Nikamwomba radhi kwa Kigogo,
maana ndiyo lugha iliyozunguka dimbwi lake.

Mashine ya kumsoma haizidi rimoti ya televisheni.
Uzi wa urithi hupita kwenye tundu lisiloonekana
na kompyuta huandika usiku kucha
herufi nne tu: A, T, G, C,
A, T, tena T, hadi zivuke bilioni.
Niliitazama ile C iliyosimama peke yake.
Shuleni kwetu Kigwe haikuwahi kutoka bila H:
chungu, chura, chemchemi.
Huku imekaa kapera katikati ya sentensi
na sentensi inapumua.

Tunachouliza si kikubwa.
Mayai ya mama mmoja, siku moja, tope moja.
Mvua ya kwanza ikigonga, mengine hupasuka papo hapo;
mengine huyasikia maji, yakanyamaza.
Mwaka wa mvua ya kweli, wenye pupa hushinda:
hutangulia kukua, hushika dimbwi, hufukuza wadogo.
Mwaka wa mvua ya uongo
hukauka wote kabla ya mwezi kuandama,
na ukoo hubaki mikononi mwa wazito.
Nani aliliambia yai lisubiri?
Dakta Chidawali anasema herufi itaonekana.
Juzi umeme ulikatika saa nane usiku,
tukalifunika jokofu kwa mablanketi ya bweni,
tukaketi gizani kulinda aya ambazo
hakuna aliyezielewa bado.

Wiki iliyopita baba alipiga simu.
"Huku imenyesha. Nipande?"
Nilipokuwa darasa la nne aliberega shamba zima
kwa mvua ya kwanza kama hiyo.
Ya pili ilikuja baada ya siku arobaini.
Tulikula mtama wa jirani, Lemanya,
ambaye hakuwa amepanda,
ambaye tulikuwa tukimwita mvivu.

Mimi ninayesoma samaki herufi kwa herufi
nilishika simu, nikasikiliza matone kwenye bati lao.
"Panda nusu," nikasema.
"Nusu? Miaka yote hiyo ya shule,
unaniletea nusu?"
Kisha akanyamaza, na bati likaendelea kusema.

Leo nimeyamwagia maji mayai arobaini.
Ishirini na sita yamepasuka kabla ya chai,
vitoto vinajirusha kama alama za mkato zilizokosa sentensi.
Kumi na manne yamo ndani ya maganda yao, mazima.
Chini ya lenzi, moja lina macho tayari,
pete mbili za dhahabu,
na moyo unaopiga bila kukimbizana na mtu.

Nikasogeza taa.
Macho yakanifuata.
Halikutoka.