Joho Lina Mwenyewe

Nilimkuta chini ya kasha la vitabu vya mnada,
Langoni, dukani kwa Famau anayetoa kopi za vyeti:
shujaa wa kurasa thelathini na mbili,
karatasi rangi ya chai ya maziwa,
mende wamemla sikio,
na bado anaruka.

Jina lake silitaji. Mtajua kwa nini.

Kampuni iliyomzaa ilikufa bila kufanyiwa arubaini,
hakuna aliyekumbuka kumlipia muhula wa pili,
basi huko kwao amekuwa mali ya umma,
kama maji ya birika la msikiti:
mwenye kata na achote.

Nikachonga penseli. Nikamshusha Lamu.
Nikampitisha uchochoro usiopitisha ngumi mbili,
ikabidi akunje mabega,
ampishe punda wa mchanga,
apige hodi kabla ya kuokoa mtu.

"Joho hili umelitoa wapi?"
akauliza Wakili Mwanashee.
Ofisi yake iko juu ya fundi cherehani,
sindano hugonga chini ya kila sentensi.
Nikasema, katuni za juzijuzi, mbona analo?
Akavua miwani.
"Toleo la kwanza halina joho. Fungua, tazama.
Alishonewa miaka ishirini baadaye, na mkono mwingine,
na mkono huo una warithi,
na warithi wana mawakili wasiolala.
Mbwa pia ni wa baadaye. Mfute.
Macho ya kijani? Hapa ni meusi. Yarudishe."

"Na jina?"

"Ndani ya hadithi, aitwe na mamake, aitwe na mwizi.
Lakini jaladani, kwa herufi nene, hapana.
Jina lina duka. Limesajiliwa.
Linauza fulana, vikombe, mikoba ya shule.
Hakimiliki hufa kama mtu, mwanangu.
Alama ya biashara ni jini la ukoo:
halifi maadamu yuko wa kulifukizia."

Kisha, nimeshafika ngazini:
"Na sheria ya hapa huhesabu tangu kifo cha mchoraji.
Alikufa lini?"

Sikujua kama aliwahi kuishi.
Jina lake lilikuwa ukurasa wa mwisho, pembeni,
dogo kama yai la chawa.
Nikakesha siku tatu nikitafuta kaburi la mgeni.
Nikalipata: chumba cha kupanga, mapafu,
kodi ya miezi miwili haijalipwa.
Miaka hamsini na mitatu imepita.
Nilipiga kigelegele.
Kisha nikaona haya, nikafunga dirisha.

Nikamvua shujaa polepole, kama anayeoshwa.
Joho lilipotoka, mgongo wake ukaonekana,
na yule maskini alikuwa ameuchora vizuri:
shati limepasuka begani,
limetiwa kiraka, uzi wa rangi nyingine.
Nani alikishona? Hadithi haisemi.
Kwangu mimi, nilimpa kazi hiyo bibi wa Mkomani.

Jalada likabaki tupu wiki nzima.
Mama alikuwa akipiga pasi leso yake,
akasita kwenye maandishi, akayasoma kwa midomo.
Nani hununua leso kwa jina la kiwanda?
Hununuliwa kwa neno lake.
Nikaandika chini ya miguu ya shujaa,
ndani ya kisanduku, kama leso:
JINA NI LA DUKA, MATENDO NI YANGU.

Famau alitoa nakala mia mbili, wino ukamwishia kwenye mia na themanini;
zile ishirini shujaa ni kivuli tu.
Ndizo zilizotangulia kuisha.

Jana nimemkuta kitukuu wa Bi Zaharia
amemchora ukutani kwa mkaa:
joho refu linaburura hadi mtaroni,
na mbwa. Tena mbwa wawili.
Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie afute
nikasikia viatu vya Wakili vinakunja kona.

Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo,
nikatandaza buibui langu
pande zote mbili.