Dakika Kumi na Moja

Ankara imefika mezani kwangu Jumatatu,
mvua ya Bergen ikigonga dirisha kama mdai.
Hospitali, wodi ya tatu. Ukalimani kwa simu.
Kitigrinya. Dakika thelathini na nne.
Na pembeni, kwa wino mwekundu wa Sigbjørn,
mkuu wangu, mtu asiyependa mabaki:
"Kumi na moja kati ya hizi hakuna aliyesema kitu.
Tunalipia nini?"

Nikampigia mkalimani. Letebrhan, yuko Stavanger,
jikoni kwake; nilisikia birika likianza kuchemka.
Nikamwambia sitaki siri za mgonjwa, nataka hesabu ya saa.
Akacheka, kicheko kisichoonyesha meno.

"Daktari alitoa neno moja," akasema,
"refu, la Kilatini, limevaa koti jeupe.
Kwetu halina mwenzake.
Nikalivua koti, nikalikata vipande vya kumezeka,
na vipande vyenyewe nimeapa kutovitaja.
Mama akanyamaza.
Daktari akaniuliza: ameelewa?
Nikamjibu: ndiyo. Sikiliza."

Kisha hakuna.
Mashine fulani. Kiti kikivutwa.
Mtu akikunja karatasi, akiikunjua, akiikunja.

"Ningekata simu ningeiokolea serikali fedha.
Lakini anayezama kimya namna ile
huibuka na swali,
na swali hilo halingoji miadi ya mwezi ujao."

"Aliuliza nini?"
Lilinitoka tu.

"Hilo mmelipia," akasema Letebrhan, "ila si lenu."
Birika likapiga mluzi, akaaga.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawajasema kina kodi, hawajasema kina risiti.
Nimepekua faili la mwaka mzima:
chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi za shule,
rangi ya mabenchi, matengenezo ya saa ya mnara,
taa za handaki zinazowaka usiku kucha
hata pale ambapo halipiti gari, wala baiskeli, wala mbweha.
Hapo wino mwekundu haujadondoka.
Handaki haliulizwi lilimwangazia nani saa tisa za usiku.

Kompyuta inanipa visanduku vitatu:
Mazungumzo. Safari. Mengineyo.
Kidole kimekaa hewani muda ambao, najua,
nami nimelipwa.

Nimebonyeza Mazungumzo,
dakika thelathini na nne, zote.
Sigbjørn anarudi Alhamisi.